Rangi Zimeshonwa! Twende Ukamwone Sarah Crowner

Mwenzangu, acha unachokifanya! Hiyo chai itapashwa moto baadaye. Nimetoka sasa hivi kwenye maonyesho hapa New York, koti sijavua, mikono inaniwasha, miguu haitulii, na nisipokusimulia leo hii nitapasuka. Nimeona mchoro ulioshonwa! Usidhani nasema tarizi, wala zulia, wala pazia. Ni mchoro hasa, wa rangi na brashi, umewambwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani, mkubwa mno, mpana mno, mzuri kupita kiasi, lakini umepita chini ya sindano ya cherehani kutoka ukingo hadi ukingo. Kila rangi ni kipande chake. Kila kipande kimeungwa na jirani yake kwa uzi. Na bado!

Mwenye maajabu haya ni Sarah Crowner, Mmarekani aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1974, na karakana yake iko Brooklyn. Shika jina hilo. Andika kwenye kiganja ikibidi. Anafanya sanaa dhahania, ile ambayo hutafuti mtu wala nyumba ndani yake, lakini mimi nakuapia, ukisimama mbele ya kazi yake unasikia majani yakichakarika. Majani! Katika mchoro usio na hata jani moja lililochorwa likakamilika!

Ngoja nianze mlangoni, maana hata mlangoni pana raha yake.

Ukiingia tu, rangi zinakudaka. Kijani kibichi cha jani la jana, kijani kizito cha kivulini, bluu ya kina kirefu, chungwa linalowaka, nyeusi ti, nyeupe pe, na sehemu nyingine turubai imeachwa hivyo hivyo na rangi yake ya asili, ya ukungu ukungu wa kitani, imetulia tuli katikati ya kelele zote hizo. Na maumbo! Kitu kama ubawa. Kitu kama mdomo wa ndege. Kitu kama shina lililopinda kutafuta jua. Unasema moyoni, hili ni ua. Kabla hujamaliza kusema limekuwa wimbi. Unaligeukia tena limekuwa mkia wa samaki. Unainamisha kichwa kidogo, hoo, ni ua tena! Halikai! Halikubali kukaa!

Kwa mbali kingo zote zinaonekana safi kabisa, kali, zimenyooka twaa pale zinaponyooka na kupinda kwa ulaini wa ajabu pale zinapopinda. Unajiambia, mkono gani huu usiotetemeka? Amebandika utepe? Ametumia rula? Basi unasogea. Hatua moja. Nyingine. Halafu unauona.

Mshono!

Jamani, mshono! Pale kijani kinapokutana na nyeupe hakuna mstari uliochorwa. Hakuna kabisa. Kuna vitambaa viwili vilivyokutanishwa, vikakunjwa kingo zake kwa nyuma, vikapigwa cherehani vikashikana. Ule mstari niliokuwa naushangaa kutoka mlangoni una mwili! Una unene, una bonde dogo jembamba, na ukisogea pembeni taa inapoupiga, una kivuli chake mwenyewe, chembamba mno, kinakimbia na kona zote za umbo mpaka kwenye ukingo wa fremu. Nilizunguka kushoto nikakiona kimeegemea huku, nikazunguka kulia kimeegemea kule. Mlinzi wa ukumbi akaanza kunitazama. Sikujali!

Na hapo ndipo unapogundua jingine tamu zaidi. Angalia nyayo za brashi. Ndani ya kipande hiki rangi imepakwa ikishuka, ile mistari midogo midogo ya nywele za brashi unaiona waziwazi, inateremka, inateremka, halafu ghafla, kwenye mshono, inakatika! Ng'ambo ya mshono brashi inakwenda upande mwingine kabisa. Kwa nini? Kwa sababu turubai ilipakwa rangi kwanza, ikakatwa kwa mkasi baadaye, ndipo ikashonwa. Kwa hiyo kila kipande kimekuja na upepo wake. Huyu anavuma kwenda juu, huyu anavuma kwenda kando, huyu rangi yake ni nzito imeshiba, huyu imepita nyepesi hadi nyuzi za kitambaa zinachungulia. Nilidhani naona rangi bapa, tambarare, zisizo na jambo. Kumbe kila moja inapumua kivyake!

Na bado, na bado, hujanisikia!

Fikiria kazi yenyewe inavyofanyika. Anaanza na karatasi, anakata maumbo, anayapanga na kuyapangua. Kisha turubai, kisha rangi, kisha mkasi, vipande vinatandazwa, vinahamishwa, vinageuzwa, mpaka vikubaliane. Ndipo vinaingia kwenye cherehani ya kiwandani, ile yenye nguvu ya kupenya turubai iliyokakamaa kwa rangi. Sasa muulize fundi yeyote aliyewahi kutia mkono kwenye gauni, kushona pindo lililobinuka kwenye pindo lililobonyea ni kazi ndogo? Hakuna mchezo pale. Kitambaa kinataka kujikunja, kinataka kuvimba, kinataka kukuaibisha. Halafu fikiria kushona mpindo wa namna hiyo wenye urefu unaokuzidi kimo, tena kwenye turubai nzito, tena iliyokwisha pakwa rangi usiyotaka ichubuke! Na unapita laini, laini, laini, kana kwamba umejiotea.

Turubai ikishashonwa yote ndipo inawambwa kwenye fremu, na hapa ndipo nilipokaa kwenye benchi nikatulia, maana nilielewa kwa nini moyo wangu ulikuwa unanienda mbio. Wazee wetu walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi hapa kila kipande ni mwamba ngoma! Turubai ikivutwa, kila rangi inajivutia kwake, kijani kinavuta, chungwa linavuta, nyeusi inavuta, na uzi unasimama katikati unasema, hapana, hamtaachana. Hilo ndilo unalolihisi kifuani kutoka ng'ambo ya chumba, kabla hata hujajua kuna uzi. Mchoraji mwingine angepaka rangi mbili kando kwa kando zikalala usingizi. Hizi haziwezi kulala. Zimeshikana kweli kweli, zinavutana kweli kweli, sasa hivi ninapozungumza nawe zinavutana!

Na hivyo ndivyo mambo yalivyo huko nje porini, sivyo? Jani halikuchorwa ukingo. Jani linaishia pale hewa inapoanza, na vyote viwili vinasukumana. Shina linapinda kwa sababu upande mmoja umekua haraka kuliko mwingine. Mabawa, maganda, magome ya miti, kila kitu kimewambwa, kimevutwa, kimeungwa na jirani yake. Crowner hakuiga sura ya mmea. Amechukua ile nguvu inayoufanya mmea uwe na sura, akaitia kwenye turubai kwa sindano. Ndiyo maana nilisikia majani yakichakarika! Ndiyo maana umbo halikai mahali pamoja! Nilikuwa natazama kitu kinachoota!

Tena tazama nafasi iliyobaki. Nakusihi, mwenzangu, siku ukienda tazama nafasi iliyobaki! Kwenye mchoro wa kawaida kuna ua, na nyuma ya ua kuna ukuta usio na kazi. Hapa hakuna nyuma. Kile kipande cheupe unachodhani ni uwazi tu kati ya mabua mawili, nacho kimekatwa kwa mkasi, nacho kimepakwa, nacho kimeshonwa, kina haki ile ile ya bua lenyewe. Mara moja kinaruka mbele kinakuwa umbo, na mabua yanarudi nyuma yanakuwa uwazi. Nilicheza mchezo huo peke yangu, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mama mmoja aliyekuwa kando yangu akaniuliza ninaona nini. Nikamwonyesha. Akapiga yowe! Tukawa wawili!

Halafu kuna vigae. Ah, vigae! Huyu mwanamke hatosheki na ukuta. Hutengeneza majukwaa ya chini chini, yaliyoinuka kidogo tu kutoka sakafuni, na kuyafunika kwa vigae vya udongo vinavyong'aa, vilivyofinyangwa na kuchomwa Guadalajara, Mexico, kwenye karakana ya Cerámica Suro. Na unaruhusiwa kupanda! Umesikia? Mchoro usiguse kwa kidole, lakini sanaa ya vigae kanyaga kwa miguu yako yote miwili! Nimewahi kupanda moja ya hizo sakafu zake, na mwili mzima ulibadilika. Sauti ya viatu inabadilika, inakuwa kavu, inakuwa kengele. Mwanga unapanda kutoka chini, rangi inakupaka kidevu. Kigae kimoja kimekolea, mwenziwe amepauka, kwa sababu tanuri halimpi kila mmoja rangi sawasawa, na macho yako yanateleza juu yake kama yanateleza majini. Ukiinua uso kutazama mchoro ukutani, tayari umo ndani. Wewe si mtazamaji tena, wewe ni umbo mojawapo!

Hivyo ndivyo alivyofanya mwaka 2016 kule North Adams, Massachusetts, katika makumbusho ya MASS MoCA, kwenye maonyesho yaliyoitwa Beetle in the Leaves, yaani mbawakawa majanini. Jina peke yake linakufanya upunguze hatua usije ukamkanyaga! Na hapo pana siri tamu inayonifanya nisimame na kukaa tena. Majengo yale ya matofali, kabla ya kuwa makumbusho mwaka 1999, yalikuwa viwanda, na cha kwanza kukua pale kilikuwa Arnold Print Works, kiwanda cha kupiga chapa vitambaa, kilichofanya kazi hadi mwaka 1942. Vitambaa! Miaka na miaka ya marobota ya nguo, ya wino, ya maua yaliyochapwa kwenye pamba, halafu anakuja mtu na turubai zake zilizoshonwa zenye majani yasiyotulia, anazitundika humo humo. Kama kuta zina kumbukumbu, siku ile zilipiga vigelegele.

Na jukwaani je? Hukulijua hili, nina hakika! Mwaka 2018 American Ballet Theatre walicheza baleti inayoitwa Garden Blue, iliyotungwa na Jessica Lang kwa muziki wa Dvořák, na mandhari pamoja na mavazi yote yalibuniwa na huyu huyu Crowner. Maumbo yake yakatoka kwenye fremu yakasimama angani, na wachezaji wakavikwa rangi zake wakawa vipande vinavyokimbia, vinavyoungana, vinavyoachana. Mimi nikisimama mbele ya mchoro wake naliona hilo sasa kila mara. Ule mpindo mrefu wa bluu si mstari tu, ni mgongo wa mtu anayejikunja kabla ya kuruka!

Mwaka 2022 akapeleka kazi Puebla, Mexico, katika Museo Amparo, maonyesho yakaitwa Serpentear, yaani kwenda mwendo wa nyoka, na ukiiona mipindo yake hutauliza kwa nini. Mwaka 2023 zamu ya St. Louis, Pulitzer Arts Foundation, jengo la zege tupu lililobuniwa na Tadao Ando, zege laini la kijivu linalokufanya useme kwa sauti ya chini. Humo ndani kuna kazi ya msanii Ellsworth Kelly iitwayo Blue Black, imesimama ukutani kwa urefu wa mita 8 na zaidi, bluu juu, nyeusi chini, basi. Wewe ungepeleka nini mbele ya jitu kama hilo? Crowner akajibu kwa maonyesho aliyoyaita Around Orange. Chungwa! Rangi inayokabiliana na bluu ana kwa ana, rangi inayoifanya bluu iwe bluu zaidi! Ujasiri gani huo! Furaha gani hiyo!

Najua utaniambia kushona ni kushona, mbona bibi zetu wameshona. Ndiyo! Ndiyo kabisa, na ndilo linalonifurahisha hadi machozi yanalenga. Mwaka 1911, Paris, Sonia Delaunay alimshonea mtoto wake mchanga blanketi la viraka, vipande vya nguo vya rangi mbalimbali, na blanketi lile la kitoto leo limo katika hazina ya sanaa ya taifa la Ufaransa, linatajwa miongoni mwa hatua zake za kwanza kuingia sanaa dhahania. Henri Matisse uzeeni, mwili umechoka, alishika mkasi akakata karatasi zilizopakwa rangi zikawa mwani, zikawa majani, zikawa ndege, mpaka alipofariki mwaka 1954. Na kule Gee's Bend, Alabama, wanawake weusi wa kijiji cha wakulima walishona mablanketi kutoka nguo za kazi zilizochakaa, ya kuwatia watoto joto, na mwaka 2002 mablanketi yale yakatundikwa makumbusho ya Whitney, New York, watu wakabaki wameduwaa. Uzi umekuwa ukichora siku zote! Mkasi umekuwa ukichora siku zote! Crowner, ambaye mwenyewe alionyeshwa Whitney mwaka 2010 katika maonyesho yao makubwa ya wasanii wa zama hizi, anaijua nasaba hiyo, anaipenda, anatembea nayo kifua mbele. Anachokifanya ni kuichukua kazi iliyowekwa chumba cha nyuma na kuikalisha sebuleni, penye mwanga, penye wageni, mshono ukiwa umetazama nje!

Na sisi, mwenzangu, sisi tumekulia barazani penye cherehani. Tunaujua ule mlio. Tunajua kitambaa kinavyosema kikikatwa vizuri na kinavyolia kikikatwa vibaya. Tunajua kugeuza nguo ndani nje kabla ya kuilipia, tukaukagua mshono, ndipo tukatoa pesa. Kwa hiyo usiniletee habari ya kwamba sanaa dhahania ina wenyewe na wewe si mmojawapo. Kwenye ukumbi huu wewe ndiye mwenyeji! Yule msomi aliyesimama na daftari anaona umbo na rangi. Wewe utaona hilo, halafu utaona pale sindano ilipogeuza kona, utaona kingo zilipokunjwa, utajua bila kuambiwa ni upande upi ulishonwa kwanza. Utaona zaidi yake. Nakuhakikishia!

Basi sikiliza namna ya kwenda. Usianze karibu. Simama mlangoni, acha rangi zikupige zinavyotaka, usiulize ni nini, acha iwe ua, iwe wimbi, iwe mdomo wa kasuku. Kisha sogea polepole mpaka mshono ujitokeze, na usipite, simama hapo, ufuate kwa macho kuanzia unakozaliwa hadi unakofia. Kisha nenda pembeni kabisa, utazame mchoro kwa ubavu, taa ikiulamba, uone mabonde na matuta. Kisha tafuta pale brashi inapokatika. Kisha tazama nafasi nyeupe mpaka iruke mbele. Ukimaliza, rudi mlangoni utazame upya. Si mchoro ule ule! Umebadilika! Macho yako sasa yana vidole!

Na kama safari iko mbali kwa sasa, usikae bure. Chukua karatasi mbili, moja ya kijani moja ya manjano. Mkasi. Kata jani kwa pumzi moja bila kuchora kwanza. Sasa usitupe kile kilichobaki! Kiinue, kitazame, lile tundu lenye umbo la jani nalo ni jani. Viweke kando kwa kando, sogeza, geuza, acha vikaribiane bila kugusana, kisha viguse. Umeona? Umeona kilichotokea pale vilipogusana? Hicho ndicho ninachokupigia kelele tangu nilipofungua mdomo! Na hapo ni karatasi tu, hujatia rangi, hujatia uzi, hujawamba, hujapanda kwenye vigae, na bado, na bado!

Ukisikia popote jina la Sarah Crowner limebandikwa mlangoni, ingia. Ukiwa na haraka, ingia. Ukiwa na mtoto mgongoni, ingia naye, yeye ataelewa kabla yako. Mimi narudi tena kabla hawajazishusha kazi hizi, nataka kumchukua shangazi yangu mshonaji, nataka kusimama kando yake atakapoinama kuukagua ule mpindo wa kijani na kuniambia umeshonwaje. Njoo nasi! Wewe tafuta nauli tu, mengine tutazungumza njiani!